Macho Yaliyo Juu ya Bahari Yetu

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima ya Kinondoni, Temeke na vitongoji vyake

Natumaini daftari zimekwisha funguliwa, na mwalimu wa darasa ameandika ubaoni neno moja kwa herufi kubwa: SETILAITI. Lisomeni pamoja naye, silabi kwa silabi: se-ti-la-i-ti. Ahsanteni.

Somo letu la leo ni la historia, ingawa neno hilo lasikika jipya. Setilaiti ni chombo kilichoundwa na watu na kurushwa juu kwa roketi, mpaka kikaipita hewa yote tunayoivuta. Huko juu huizunguka dunia kama mwezi uizungukavyo. Setilaiti tutakazozitaja leo hazina mtu ndani. Zina macho ya mitambo na sauti ya redio: huona, kisha husema zilichokiona, na mashine zilizoko chini huandika. Zimo setilaiti za simu, za televisheni, na za mambo ya vita ambayo si kazi yetu leo. Sisi tutazungumza habari za zile zinazotazama bahari, nayo ni bahari hii ya Hindi inayopiga Kunduchi na Msasani, na inayoingia kwa mkono mrefu mpaka Mtoni.

Mwenzetu mmoja wa Mbagala ataniuliza: "Mwalimu, mimi si mvuvi wala baharia. Yanihusu nini?" Ni swali zuri. Ngano ya chapati uliyokula asubuhi huenda ilishuka kutoka melini. Mvua inayoujaza Mto Kizinga ulioko jirani yako ilikuwa maji ya bahari kabla ya kuwa wingu. Na upepo mbaya ukitoka baharini hauulizi nani mvuvi na nani fundi cherehani.

Tuanze mbali kidogo. Wazee wa pwani walijua kusoma bahari kabla ya wengi kujua kusoma kitabu. Walijua kaskazi huanza karibu na mwisho wa mwaka na kuleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi, na kusi hufuata katikati ya mwaka na kuyarudisha kwao. Walijua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi. Elimu hiyo ni elimu kamili, wala mtu asiidharau. Lakini ilikuwa na mpaka wake. Nahodha aliweza kuona mpaka pale mbingu zinapokutana na maji, basi. Jambo lililokuwa likipikwa kilometa mia tano nyuma ya upeo huo hakulijua, hata awe hodari namna gani.

Mwaka 1872 pwani yetu ililipa gharama ya mpaka huo. Tarehe 15 Aprili mwaka huo kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Wakati huo Sayyid Barghash bin Said alikuwa ametawala kwa muda usiozidi miaka miwili. Meli na majahazi yaliyokuwa yametia nanga bandarini yalivunjwa au kutupwa pwani, yakasalia machache mno. Meli za Sultani mwenyewe zilipotea. Mashambani mikarafuu na minazi iling'olewa, na yasemwa kuwa Unguja ilipoteza kama theluthi mbili ya miti yake. Pemba haikuumia sana, na ndiyo sababu moja kubwa iliyoifanya Pemba tangu hapo iwe kisiwa kikuu cha karafuu. Mkarafuu si mhogo, ndugu zangu. Ukiupanda leo utangoja miaka sita au zaidi ndipo uanze kuchuma.

Je, hakuna aliyejua kuwa kimbunga chaja? Huenda wako mabaharia walioiona dalili siku ile ile, kwa mawingu na kwa namna mawimbi yalivyovimba. Lakini fikirini: hata kama meli moja ingalikutana na kimbunga hicho siku mbili kabla, mbali huko baharini, ingalimwambia nani? Waya wa simu ya maandishi uliopitishwa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, miaka saba baadaye. Habari ilikwenda kwa mwendo wa tanga, na kimbunga kilikwenda upesi kuliko tanga.

Sasa andikeni tarehe hiyo, 15 Aprili, kwa maana tutaiona tena. Miaka 80 baadaye, siku kwa siku, yaani tarehe 15 Aprili 1952, kimbunga kingine kiliingia Lindi na kuleta vifo na hasara. Dunia ilikuwa imebadilika sana. Redio zilikuwako na ndege zilikuwako. Iliko pia Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, yenye maofisa waliopima joto, upepo na mvua katika vituo vingi. Lakini vituo vilikuwa nchi kavu, na kimbunga huzaliwa baharini. Ikiwa meli haikupita pale, hakuna aliyekiona. Idara hiyo ilikichunguza kimbunga cha Lindi kwa makini na kuchapisha habari zake mwaka 1953. Ilikuwa kazi nzuri ya kitaalamu, ila iliandikwa baada ya msiba.

Hapa yafaa nieleze kwa nini vimbunga ni adimu kwetu. Kimbunga hutaka vitu viwili hasa. Kwanza, maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, kwa sababu joto hilo ndilo chakula chake. Pili, hutaka mzunguko wa dunia uisokote hewa, na msokoto huo ni dhaifu sana karibu na ikweta. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 tu kusini ya ikweta, na Lindi iko nyuzi 10. Basi vimbunga vingi huzaliwa kusini zaidi au mashariki zaidi, vikaelekea Madagaska na Msumbiji. Kwa kuwa huja mara chache, mtu huweza kuishi miaka sitini asikione hata kimoja, akawaambia wajukuu kwamba jambo hilo halipo. Nami naona hatari kubwa ya pwani yetu ni hiyo hasa, kwamba mambo haya huja kwa nadra mpaka yakasahauliwa.

Haya, sasa tupande juu.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha setilaiti ya kwanza ya dunia, jina lake Sputnik. Haikutazama kitu, ililia tu kwa redio, na dunia nzima ikasikiliza. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 1 Aprili 1960, Wamarekani walirusha TIROS-1, iliyokuwa na kamera za televisheni. Uzito wake ulikuwa kama kilo 120, sawa na magunia mawili ya saruji na ziada kidogo. Ilifanya kazi siku 78 tu. Lakini katika siku hizo za kwanza ilipiga picha ya kimbunga baharini upande wa Australia, kikiwa kimejiviringa kama konokono. Kwa mara ya kwanza mtu aliona kimbunga kizima toka juu, hali yeye amekaa kitini nchi kavu.

Majirani zetu wa Kenya nao wamo katika historia hii. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la vyuma baharini, wakaliita San Marco. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mwendo wa dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa pale nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake haikuwa bahari, ilichunguza nyota. Lakini mvuvi wa Ngomeni aliyekuwa akitega dema siku ile aliona moto ukipanda mbinguni kutoka katika maji yale yale anayovua.

Setilaiti ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya bahari peke yake ilirushwa na Marekani mwezi wa Juni 1978. Jina lake Seasat. Maskini, iliishi siku kama 105, kisha umeme wake ukaharibika ikafa. Lakini ilikuwa imekwisha onyesha kwamba mtambo ulioko juu waweza kupima kimo cha mawimbi, nguvu ya upepo juu ya maji, na hata kimo cha bahari yenyewe.

Hupimaje? Mmoja wenu akisimama mdomoni mwa kisima kirefu akapiga kelele, sauti humrudia. Kisima kikiwa kifupi sauti hurudi upesi, na kikiwa kirefu hukawia. Huo ndio mwangwi. Setilaiti nayo hutuma mwangwi wa redio chini, ukagonga uso wa bahari, ukarudi. Mitambo huhesabu muda. Setilaiti iliyoitwa TOPEX/Poseidon, ya Marekani na Ufaransa, iliyorushwa tarehe 10 Agosti 1992, ilikuwa juu kilometa 1,336. Wenye kupenda hesabu, fanyeni pamoja nami: kwenda na kurudi ni kilometa 2,672. Redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Basi mwangwi hurudi kabla hata sehemu moja ya mia ya sekunde haijaisha. Na kutokana na muda mfupi hivyo waliweza kujua kama bahari imepanda au imeshuka kwa sentimita chache tu, upana wa vidole viwili vya mkono wako.

Ziko setilaiti nyingine zinazopima joto la maji, kama wewe unavyosikia joto la jiko pasipo kuligusa. Nyingine huangalia rangi. Maji ya mdomo wa Rufiji huwa mekundu kwa tope, maji makuu huwa ya buluu, na penye mimea midogo sana, ambayo ni chakula cha samaki wadogo, maji huelekea ukijani. Mtambo wa kwanza wa kusoma rangi ya bahari kutoka angani ulirushwa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1978.

Sasa ukumbukeni mwaka 1997. Watu wengi mliomo darasani mliuona. Mvua zilianza Oktoba, wala hazikutaka kuondoka. Barabara zilikatika, reli ilikatika, na neno jipya likaingia katika Kiswahili: Elinino. Leo mvua yoyote kubwa watu huiita hivyo, hata isiyohusika. Elinino ya kweli ni maji ya moto kukusanyika katika bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na sisi. Maji yakipata moto huvimba, kwa hiyo TOPEX/Poseidon iliyaona yamefanya kama kilima kipana, miezi kadhaa kabla ya mvua zetu. Mwishoni mwa mwaka ule bahari yetu pia ilipata moto upande huu wa Afrika, na upande wa Indonesia ikapoa. Wataalamu walitangaza mwaka 1999 kwamba tabia hiyo ya Bahari ya Hindi ni jambo la peke yake, linalojirudia. Mvua nyingi za mwishoni mwa mwaka 2019 na 2023 zilikwenda pamoja na tabia hiyo. Kwa hiyo, mtu wa Jangwani anayeuliza kama vuli itakuwa kubwa, sehemu moja ya jibu lake imo katika joto la maji yaliyoko kilometa elfu kadhaa mashariki.

Nimefika sasa mahali pa somo ambapo nataka tukae kidogo. Ni habari ya tarehe 26 Desemba 2004.

Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi. Saa 9 na dakika 58 za usiku kwa saa zetu, chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ardhi ilitetemeka kwa nguvu iliyopimwa 9.1. Sakafu ya bahari ilinyanyuka ikasukuma maji, na mawimbi yakatoka pande zote kwa mwendo wa ndege. Mawimbi ya namna hiyo huitwa tsunami. Katika maji makuu hayaonekani; meli hupita juu yake na nahodha asijue. Yakifika penye maji madogo ndipo huinuka. Katika nchi zote zilizopigwa walikufa watu zaidi ya laki mbili.

Kama saa mbili baada ya tetemeko, setilaiti mbili zilipita juu ya Ghuba ya Bengal: TOPEX/Poseidon na mdogo wake aitwaye Jason-1. Zikatuma mwangwi wao kama kawaida. Nazo zikaliona wimbi. Katika bahari kuu lilikuwa na kimo cha kama sentimita 60, si zaidi ya kigoda. Ndilo tsunami lile lile, likiwa njiani. Pwani yetu ilikuwa bado na saa zaidi ya sita mbele yake.

Je, habari hiyo ilifika Dar es Salaam? Haikufika. Setilaiti zile hazikuwekwa kwa ajili ya kuonya. Kila moja ilipima mstari mwembamba tu chini yake, na kurudi katika mstari ule ule baada ya siku kama kumi; kupita juu ya wimbi kulikuwa bahati. Tena vipimo vyake vilihitaji saa nyingi za hesabu kabla ya mtu kuweza kuvisoma. Wataalamu walipoliona wimbi katika karatasi zao, wimbi lenyewe lilikuwa limekwisha kufika lilikokuwa likienda. Na hata kama wangaliliona mapema, Bahari ya Hindi haikuwa na mpango wowote wa kuonyana juu ya tsunami. Pasifiki ulikuwako tangu miaka ya 1960, kwetu haukuwako.

Mchana wa Jumapili ile, baada ya saa zaidi ya nane za safari, maji yalifika. Vipimo vya bandari ya Unguja na Lamu viliyaandika. Fukwe za Dar es Salaam zilikuwa zimejaa watu, wengi wao watoto na vijana waliokwenda kuogelea kwa sikukuu. Maji yalishuka na kupanda kwa namna isiyo ya kawaida, yakavuta watu. Waliokufa nchini kwetu hawakupungua kumi. Huko Somalia walikufa watu kama 300. Lakini Kenya alikufa mtu mmoja, kwa sababu habari za Asia zilikuwa zimekwisha tangazwa na wakuu huko waliwaondoa watu ufukoni kabla ya maji kufika. Setilaiti ya bahari haikuwasaidia. Walisikia redio na televisheni, wakaamini, wakatenda. Wimbi lilikuwa lile lile, na muda ulikuwa karibu sawa.

Naomba mwalimu wa darasa asimamishe redio hapa kwa dakika mbili, muulizane: katika saa zile zaidi ya nane, ni nani aliyeweza kumwambia mtoto aliyekuwa majini Kawe?

(Nafasi ya mazungumzo.)

Tuendelee. Mwaka 2005, chini ya Unesco, nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi zilianza kujenga mpango wa kuonyana. Maboya yaliwekwa baharini, yenye mitambo chini kabisa inayosikia uzito wa maji yanapopita wimbi. Boya hutuma habari juu kwa setilaiti, na setilaiti huzishusha nchi kavu kwa dakika chache. Tangu mwaka 2011 Australia, India na Indonesia hutoa onyo kwa nchi nyingine zote, na hapa kwetu hupokewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Angalieni kazi ya setilaiti hapo: jicho liko chini ya bahari, nayo setilaiti ni tarishi tu. Ni kazi isiyo na sifa, lakini hiyo ndiyo iliyokosekana mwaka 2004.

Kuhusu vimbunga, jambo jingine lilikuwa limekwisha tokea. Nchi za Ulaya zina setilaiti za hali ya hewa ziitwazo Meteosat, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1977. Hizi hukaa juu sana, kama kilometa 36,000 juu ya ikweta, nazo huenda sambamba na dunia, kwa hiyo huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Kwa miaka mingi zilisimama upande wa magharibi ya Afrika, na bahari yetu ikawa pembeni mwa jicho. Mwaka 1998 moja ilisogezwa juu ya Bahari ya Hindi, na tangu hapo pamekuwa na Meteosat moja upande wetu. Kisha, kuanzia miaka ya 2000, idara za hali ya hewa za Afrika, yetu ikiwamo, zilipata mitambo ya kupokea picha hizo moja kwa moja. Picha mpya hufika baada ya kila dakika chache, usiku na mchana.

Mwezi wa Aprili 2021 kimbunga Jobo kilionekana kikija kwetu. Mamlaka ilitangaza, watu wakajiandaa, kisha Jobo akafifia kabla ya kufika pwani. Kuna watu waliocheka. Mimi nasema mlinzi akipiga kelele na mwizi akageuza njia, mlinzi hakukosea.

Miaka mitatu baadaye alikuja Hidaya. Majina haya hupangwa mapema na nchi za ukanda huu, na hili ni jina zuri la kike, maana yake zawadi. Zawadi ambayo hakuna aliyeiomba. Siku za mwanzo za Mei 2024 setilaiti zilionyesha mgandamizo mdogo wa hewa mashariki ya pwani ya Mtwara, ukijisokota juu ya maji ya moto. Ukawa kimbunga kamili, karibu na Tanzania kuliko vimbunga vyenye nguvu hiyo vilivyozoea kufika. Mamlaka ilitoa taarifa baada ya taarifa, ikitaja mikoa: Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam, visiwa vya Unguja na Pemba. Boti za Unguja zilisimamishwa. Wavuvi waliambiwa wasitoke. Tarehe 4 Mei Hidaya alitua Mafia akiwa amepungua nguvu. Mvua zake zilikata barabara ya Lindi upande wa Kilwa, magari yakakwama siku kadhaa, na mashamba yakaharibika. Hasara ilikuwako. Lakini ufukoni hakuna aliyeweza kusema hakusikia kuwa chaja. Linganisheni na Unguja ya mwaka 1872: bahari ile ile, majira karibu yale yale, na tofauti ni zile siku chache za kujua.

Nisiwape picha ya uongo. Setilaiti haioni kila kitu. Macho yanayotumia mwanga huzibwa na mawingu, na wakati wa masika mawingu ni mengi. Haioni changu aliyeko chini ya mwamba. Huweza kuonyesha maji yenye chakula cha samaki, kisha uhodari wa kuvua ni wako. Na dau lako dogo halionekani katika picha nyingi za hali ya hewa. Tena macho mengi ni ya wageni: Marekani, Ulaya, Japani, India, China. Wanatugawia, nasi twashukuru, lakini mwenye kuazima jicho hachagui pa kulielekeza. Kenya imeanza kidogo: ilirusha setilaiti yake Taifa-1 mwaka 2023, na tarehe yake, nadhani mwaikumbuka, ni 15 Aprili. Hiyo nayo ni ndogo, kazi yake hasa ni mashamba na mazingira.

Kuna jambo la mwisho ambalo macho hayo yameliona, nalo si la siku moja. Tangu mwaka 1993 vipimo vya mwangwi vinaonyesha kuwa bahari za dunia zimepanda kwa wastani wa kama sentimita 10. Mtu wa Kunduchi atasema, "Sentimita 10 ni nini, na maji ya bamvua hupanda mita tatu?" Ndiyo, lakini sentimita hizo hukaa juu ya bamvua. Maji yakijaa na upepo ukisukuma, huanzia juu zaidi na kufika mbali zaidi. Kunduchi kulikuwa na hoteli kubwa ya ufukweni iliyoliwa na bahari, na ukuta wa barabara ya pwani mjini ulibidi ujengwe upya. Hata hivyo tusiitwike bahari lawama yote. Ufuko hulishwa mchanga na mito, na mchanga wa mito ya upande wa Tegeta na Mbezi umechimbwa miaka mingi kujengea nyumba, pengine na hii mliyomo. Setilaiti huonyesha ufuko ukirudi nyuma. Aliyechukua mchanga kwa lori usiku haonyeshi.

Kazi ya kuandika ni hii. Katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa yako maneno matatu yenye daraja, kila moja na rangi yake. ANGALIZO ni rangi ya njano: hali yaweza kuwa mbaya, kaa ukifuatilia. TAHADHARI ni rangi ya machungwa: hali mbaya yatarajiwa, jiandae. TAHADHARI KUBWA ni nyekundu: hatari ni kubwa, tenda sasa. Yaandikeni yote matatu kwa mkono wenu, kila moja mara tano. Kisha mwalimu wa darasa atafute taarifa ya leo ya hali ya hewa ya baharini na kuisoma polepole mara mbili. Andikeni upepo unatoka upande gani, mawimbi yana kimo cha mita ngapi, na kama limetajwa lolote katika maneno hayo matatu. Wenye ndugu au majirani wavuvi, Kunduchi, Msasani au Kigamboni, mwapelekee karatasi hiyo wakaisome, na mje na jibu lao wiki ijayo, saa hii hii.